Mkimbiaji, Chungu na Mbwa wa Nyumbani

Katika shule zetu za sekondari mambo matatu hufundishwa na watu watatu. Mwalimu wa michezo hufundisha mbio. Mwalimu wa sayansi kimu, pale alipo, hufundisha lishe. Mwalimu wa biolojia hufundisha habari za wanyama, na aghalabu hutumia picha ya simba au mchoro wa tumbo la ng'ombe, mara chache sana mbwa alalaye nje ya mlango wa mwanafunzi mwenyewe. Kila mmoja hutimiza wajibu wake na kutunga mtihani wake. Lakini mwanafunzi arudipo nyumbani jioni huyakuta mambo hayo matatu yamekaa katika ua mmoja: miguu yake imechoka kwa mazoezi, chungu kimo jikoni, na mbwa na paka wamekwisha kuketi karibu na mlango wakingoja fungu lao.

Madai ya makala haya ni kwamba mazoezi ya ustahimilivu, chakula bora na utunzaji wa wanyama wa nyumbani ni somo moja. Yote matatu hutumia akiba ile ile ya nguvu, ya saa na ya usafi. Anayeyatenganisha huishia kuyaharibu yote, na wakati mwingine hasara yake hupimwa kwa maisha ya mtoto. Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi, tuyatazame pamoja kwa macho ya kisayansi.

Hesabu ya kuni za mwili

Tuanze na mkimbiaji. Kanuni moja ya fiziolojia yafaa kukaririwa na kila mwanafunzi: binadamu akimbiapo katika uwanda hutumia karibu kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa kila kilometa. Mwanafunzi mwenye kilo 50 akikimbia kilometa 8 atatumia kilokalori 400 hivi. Unga wa mahindi mkavu wa gramu 100 una kilokalori 360 hivi. Basi mbio zile zinadai gramu 110 za unga zaidi ya chakula cha kawaida cha siku. Hesabu hii ni nyepesi, lakini ni wangapi katika makocha wetu waliopata kuifanya kabla ya kuongeza mizunguko ya uwanja?

Nguvu hiyo hutoka hasa katika wanga na mafuta. Wanga uliokwisha kusagwa tumboni huwekwa katika misuli na ini kwa sura ya glaikojeni. Akiba hiyo ni ndogo: kwa mtu mzima aliyekula vyema ni kama gramu 500, yaani kilokalori 2,000 tu. Mbio za marathoni zina kilometa 42.195. Mtu wa kilo 60 azikimbiapo huhitaji zaidi ya kilokalori 2,500. Ndiyo sababu wakimbiaji wengi hulegea ghafula baada ya kilometa ya 30. Hawakurogwa, wala moyo wao haukupungua ushujaa. Ghala limekaribia kuwa tupu, na mafuta, ijapokuwa ni mengi mwilini, huungua polepole mno kwa mwendo wanaoutaka.

Mazoezi ya muda mrefu huusaidia mwili kutumia mafuta vyema zaidi na hivyo kuihifadhi glaikojeni. Huongeza pia mishipa midogo ya damu katika misuli, na viwanda vile vidogo ndani ya seli viitwavyo mitokondria. Lakini mabadiliko hayo hayajengwi wakati wa kukimbia. Wakati wa kukimbia mwili hubomolewa kidogo. Hujengwa baadaye, mtu alapo na alalapo. Kumbe sehemu kubwa ya mafunzo ya mkimbiaji hufanyika nyumbani, mahali ambapo kocha hayupo.

Ugali hauna haja ya kuomba radhi

Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliona wanariadha wa huko wakinunua kwa bei kubwa vyakula vya wanga vilivyofungwa katika karatasi za rangi, huku vijana wetu hapa nyumbani wakianza kuuonea haya ugali. Jambo hili linasikitisha, kwani ushahidi uko upande wa ugali. Katika mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa chakula cha wakimbiaji bingwa wa Kenya. Ilionekana kwamba asilimia 76.5 ya nguvu waliyoila ilitoka katika wanga, asilimia 10.1 katika protini na asilimia 13.4 katika mafuta, na ugali ndio uliokuwa mhimili wa sahani. Watu wa nchi zetu za jirani na sisi wenyewe tumetoa wakimbiaji waliostaajabiwa na dunia. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya meta 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989. Alphonce Simbu alitwaa medali ya dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia mjini Tokyo mwaka 2025. Sidai kwamba ugali ndio uliowashindisha. Nadai tu kwamba hakuna sababu ya kisayansi ya mkimbiaji kuukimbia.

Hata hivyo ugali peke yake hautoshi. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini na triptofani. Maharage yana laisini kwa wingi, lakini yana upungufu wa methionini ambayo mahindi yanayo. Vikiliwa pamoja, kimoja hufidia upungufu wa kingine. Wazee waliounganisha makande hawakusoma kemia ya asidi za amino, lakini chungu chao kilipata alama nzuri. Dagaa wakiongezwa huleta protini bora na, kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao, kalisi pia.

Yapo mambo mawili yanayohitaji uangalifu. La kwanza ni madini ya chuma, ambayo hubeba oksijeni katika damu. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani hufyonzwa kwa shida kuliko yale ya nyama na samaki. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzidi kuyazuia, na kinyume chake chungwa, limau au pera husaidia yafyonzwe. Basi chai na isubiri saa moja au mbili baada ya mlo, na chungwa liwe jirani wa maharage. La pili ni wasichana. Msichana anayepata hedhi hupoteza chuma kila mwezi. Tena akizidisha mazoezi huku akila kidogo, hedhi yaweza kukoma na mifupa ikapungua uimara wake. Kukoma huko si dalili ya kukomaa kwa mwanamichezo, kama wasemavyo baadhi ya watu. Ni mwili unaofunga milango kwa sababu ghala halina kitu. Kocha anayemsifu msichana kwa kukonda amsikilize kwanza mwalimu wa biolojia.

Wageni wawili jikoni

Sasa tumgeukie mbwa na paka, kwani nao hula katika chungu kile kile. Kwa kawaida huwatupia makombo tukidhani kwamba mnyama ni mnyama. Sayansi inasema sivyo.

Mbwa ni jamaa wa mbwa-mwitu wa nchi za kaskazini, lakini amekaa na binadamu kwa maelfu mengi ya miaka, na kukaa huko kumembadilisha hata ndani ya vinasaba vyake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa-mwitu ana nakala 2 tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha amilesi katika kongosho, kile kinachovunja wanga, ilhali mbwa wa nyumbani anazo kuanzia 4 hadi 30. Kwa maneno mengine, mbwa amejifunza kula ugali kwa njia ya mageuzi. Lakini kuuweza ugali si sawa na kutosheka nao. Mbwa alishwaye ugali mtupu hukonda misuli, manyoya yake hupoteza mng'ao na vidonda vyake huchelewa kupona. Anahitaji protini na mafuta: dagaa, mabaki ya samaki yaliyoondolewa miiba, nyama iliyopikwa.

Paka ni habari nyingine kabisa. Yeye ni mla nyama wa lazima. Mwaka 1975 ilithibitishwa kwamba paka akikosa taurini, kitu kipatikanacho katika nyama na samaki, retina ya jicho lake huharibika na huweza kupofuka. Wala hawezi kuigeuza karotini ya mboga kuwa vitamini A kama sisi tuwezavyo. Hana budi kuipata imekwisha tengenezwa katika ini au nyama nyingine. Hata ladha ya sukari haijui, kwa maana jeni yake ya kuonja utamu imeharibika. Kwa hiyo paka anayeachiwa ugali na mchuzi hapewi chakula. Anaachwa ale panya na mijusi ili aendelee kuishi. Wenzetu wa pwani, ambao nyumba zao nyingi hazifugi mbwa lakini humheshimu paka, wamezoea kumwekea kichwa cha samaki. Desturi hiyo ina msingi imara wa kisayansi.

Viko pia vyakula vyetu vya kila siku ambavyo ni sumu kwao. Vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa na ya paka. Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali na yaweza kutoboa utumbo.

Lakini kosa lililo baya kuliko yote ni lile la mahindi yaliyoota kuvu. Katika nyumba nyingi mahindi hayo huchambuliwa, kisha hutupiwa mbwa na kuku ili yasipotee bure. Sumukuvu iitwayo aflatoksini haiondolewi na moto wa kawaida wa jiko. Mwaka 2004 huko mashariki ya Kenya watu 317 waliugua kwa ajili yake na 125 wakafariki. Mwaka 2016 katika nchi yetu, mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na 20 wakafa. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi kwa sumu hiyo, na kuku na ng'ombe waliolishwa mahindi hayo huweza kuturudishia sehemu yake katika mayai na maziwa. Kisichofaa kwa mkimbiaji hakifai kwa mbwa wake pia.

Wakimbiaji wawili, joto moja

Huko ng'ambo niliwaona watu wengi wakikimbia pamoja na mbwa wao asubuhi za baridi. Desturi hiyo imeanza kuonekana katika miji yetu. Sina ubishi nayo, maadamu tunafahamu kwamba wakimbiaji hao wawili hawapoozwi kwa njia moja.

Katika mbio, karibu robo tatu ya nguvu itumikayo hugeuka kuwa joto. Mwanafunzi wetu wa kilo 50, aliyetumia kilokalori 400, ametengeneza joto la kilokalori 300. Kila lita ya jasho inayokauka juu ya ngozi huondoa kilokalori 580 hivi. Basi anahitaji kukausha kama nusu lita ya jasho, na baadaye kunywa maji kwa kadiri ya kiu yake. Binadamu ana tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4, na ngozi isiyo na manyoya mengi. Wapo wataalamu ambao, tangu makala mashuhuri iliyotoka mwaka 2004 katika jarida la Nature, husema kwamba uwezo wa kukimbia masafa marefu katika jua ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoumba mwili wetu.

Mbwa hana tezi hizo za kumpooza isipokuwa chache chini ya nyayo. Yeye hupoa kwa kuhema, ulimi ukiwa nje. Kwenye baridi yeye ni bingwa asiye na mfano: katika mashindano ya Iditarod kule Alaska, yaliyoanza mwaka 1973, mbwa huvuta sleji kiasi cha kilometa 1,600, na kila mmoja huweza kutumia kilokalori 10,000 kwa siku, nyingi zikitoka katika mafuta. Mchukue bingwa huyo umkimbize saa sita mchana Morogoro au Dar es Salaam, naye atapatwa na ugonjwa wa joto kali wakati wewe ndiyo kwanza unaanza kutoka jasho. Tena mbwa, kwa kumpenda bwana wake, hatasimama. Ataendelea mpaka aanguke. Basi anayetaka kukimbia na mbwa na akimbie alfajiri, umbali mfupi, kwa kamba, na maji yawepo. Huo ndio ubinadamu, na ndiyo fiziolojia.

Barabara ya alfajiri

Hapa tumefika penye kiini cha maoni yangu. Mwanafunzi anayefanya mazoezi ya kweli hutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza. Katika saa hiyo barabarani wako mbwa walioachwa huru usiku kulinda nyumba, na mtu anayekimbia huamsha ndani ya mbwa silika ya kufukuza. Mzazi amemnunulia mwanawe viatu. Jirani hakumchanja mbwa wake. Ni kipi kati ya hivyo viwili kitakachoamua maisha ya kijana huyo?

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi vinavyosafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kutoka jeraha mpaka ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua majuma au miezi kadhaa, na ndani ya muda huo chanjo huweza kumwokoa mtu. Dalili zikisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885, na tangu hapo dunia imejua namna ya kuuzuia. Hata hivyo inakadiriwa kwamba watu 59,000 hivi hufa kila mwaka kwa ugonjwa huo, wengi wao katika Afrika na Asia, na kwamba karibu asilimia 99 ya maambukizo ya binadamu hutoka kwa mbwa. Kwa nchi yetu makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuwa vifo 1,500 hivi kwa mwaka. Kati ya wanaoumwa na mbwa wenye kichaa, sehemu kubwa ni watoto.

Dawa ya jambo hili inajulikana. Mahali ambapo asilimia 70 ya mbwa wamechanjwa, mnyororo wa maambukizo hukatika. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano: kisiwani Pemba kampeni za kuchanja mbwa ziliukomesha ugonjwa mwaka 2014, ukaingia tena mwaka 2016 baada ya ulinzi kulegea, chanjo zikarudishwa, ukakomeshwa tena mwaka 2018. Funzo lake ni wazi. Kazi hii huwezekana, wala haiishi kwa kufanywa mara moja.

Ndiyo maana nasema kwamba kumchanja mbwa ni sehemu ya maandalizi ya mwanariadha, kama vile kufunga kamba za viatu. Shule inayowapeleka vijana barabarani alfajiri bila kuuliza habari za mbwa wa mtaa imefanya nusu ya kazi.

Mwanafunzi naye ajue la kufanya. Mbwa akimfukuza, asiendelee kukimbia, kwa kuwa mbwa humshinda kila mtu kwa kasi. Asimame, asimkazie macho, aache mikono itulie, kisha arudi nyuma polepole. Akiumwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile na kumaliza sindano zote atakazopangiwa. Jeraha lisitiwe pilipili, majani wala mafuta. Wala tusidhani kwamba mbwa mwenye kichaa lazima awe mkali. Yuko anayenyamaza, anayelegea taya na kudondosha mate, na huyo huwadanganya watoto wanaotaka kumsaidia.

Wadudu wasioonekana nao wana sehemu yao. Mbwa akipewa mapafu au maini mabichi yenye mifuko ya maji, kama yaonekanavyo machinjoni, huota ndani yake tegu mdogo ambaye mayai yake hutoka katika kinyesi na huweza kumletea binadamu uvimbe mkubwa wa ini au mapafu. Turukana, kaskazini ya Kenya, imepata kuwa miongoni mwa mahali palipoathirika zaidi duniani. Kinyesi cha paka huweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma, ambavyo huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza; kwa hiyo kinyesi hicho kiondolewe kila siku, kisiondolewe na mama mjamzito, na mchicha wa bustanini uoshwe vizuri. Wahenga walisema kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini. Sisi tuongeze kwamba asiyenawa mikono huingia naye chunguni.

Saa 24 hazinyooshwi

Imebaki akiba ya mwisho, nayo ni muda. Kijana wa umri wa sekondari huhitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Tumpe 9. Shule na safari ya kwenda na kurudi, 9. Kujisomea, 2. Kazi za nyumbani, pamoja na kuwalisha wanyama na kufagia walipolala, 2. Kula na kuoga, 1. Mbio, 1. Jumla ni 24, na hakuna hata dakika iliyobaki. Sasa mfikirie msichana ambaye kazi zake za nyumbani ni saa 4 kwa sababu kaka yake hagusi ndoo wala ufagio. Hizo saa 2 zitatoka wapi? Aghalabu hutoka katika usingizi. Na kwa kuwa mwili hujengwa wakati wa kulala, msichana huyo hukimbia kilometa zile zile na kupata faida pungufu. Kisha tunasema kwamba wasichana hawana stamina!

Tena tusisahau kwamba nyumba nayo ni uwanja wa mazoezi. Kutembea hutumia nguvu kiasi cha robo tatu ya kukimbia kwa umbali ule ule. Mwanafunzi wa kilo 50 anayetembea kilometa 5 kwenda shule na 5 kurudi amekwisha kutumia zaidi ya kilokalori 350, karibu sawa na mbio za kilometa 8. Kocha anayempangia ratiba sawa na ya yule anayepanda basi hakutenda haki, wala hakufanya sayansi.

Najua lipo pingamizi. Wako watakaosema kwamba kumhesabia mbwa chakula na chanjo ni anasa za watu walioshiba, na kwamba mbwa wetu ni mlinzi tu. Jibu langu ni kwamba mlinzi naye hula mshahara. Tena gharama ya kumchanja mbwa ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya sindano za mtu mmoja aliyeumwa, licha ya gharama ya mazishi. Familia isiyoweza kumlisha na kumchanja mbwa wa tatu na ifuge wawili. Hiyo ndiyo hesabu ya mtu maskini mwenye akili, wala si anasa.

Tufanye nini?

Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji maabara. Kwanza, kila mwanafunzi aandike kwa juma moja daftari la nyumba: saa alizolala, alichokula, kilometa alizokwenda kwa miguu, kazi alizofanya, na mapigo ya moyo kwa dakika asubuhi kabla ya kuondoka kitandani. Mapigo yakipanda juu ya kawaida yake kwa siku kadhaa mfululizo, huenda ana uchovu au ugonjwa unaoanza, na mbio zipunguzwe. Pili, darasa la biolojia lihesabu mbwa na paka wa mtaa, liulize ni wangapi waliochanjwa ndani ya mwaka, na kupata asilimia. Ikiwa ni chini ya 70, matokeo hayo yapelekwe kwa bwana mifugo na kwa uongozi wa kijiji au mtaa, yakiwa na sahihi za wanafunzi na mwalimu wao. Tatu, walimu wa michezo, sayansi kimu na biolojia wakae meza moja mara moja kwa muhula na kuyasoma madaftari hayo pamoja.

Huenda matokeo ya kazi hiyo yasichapishwe katika majarida ya ng'ambo. Lakini mwanafunzi atakayehesabu mbwa 83 mtaani kwake, akagundua kwamba waliochanjwa ni 20 tu, atakuwa amepata asilimia 24, na atajua maana yake kwa mdogo wake aendaye dukani jioni. Hiyo ni sayansi inayotumika. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895. Shule ikianza hesabu hiyo mwezi Julai, itakuwa na muda wa kutosha kumwita bwana mifugo, na siku hiyo ikifika mbwa wa mtaa watakuwa wamepangwa mstari shuleni, kila mmoja na kamba yake, wakingoja sindano.